Mwanamke Aliyekoma Hedhi katika Historia ya Tiba ya Saratani Mkoani Tanga

Huduma za afya ya wanawake katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia Bombo mjini Tanga hadi Muheza na Pangani, zilijengwa juu ya msingi wa uzazi. Jina lenyewe la kliniki ya mama na mtoto linamtaja anayehudumiwa. Insha hii inadai kuwa msingi huo, ingawa umeokoa maisha mengi, ulimwacha pembeni mwanamke mzee, hasa anapopatwa na saratani adimu: ya uke, ya midomo ya uke, ya mirija ya uzazi au ya misuli ya mji wa mimba.

Ushahidi wa kwanza ni mpango wa uchunguzi. Upimaji kwa siki, uliosambazwa nchini kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, unawalenga wanawake wa miaka 30 hadi 50. Baada ya kukoma hedhi, eneo linalopimwa hurudi ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, na siki hupoteza uwezo wake. Isitoshe, kipimo hicho hakikuundwa kwa ajili ya saratani adimu zilizotajwa. Chanjo ya virusi vya papiloma, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, itawakinga wazee wa kesho, si wa leo.

Kwa hiyo ugunduzi hutegemea dalili. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma haipaswi kuitwa hedhi iliyorudi. Vilevile, muwasho wa muda mrefu sehemu za siri huweza kutibiwa mara kwa mara kama fangasi, ilhali jibu lingepatikana kwa kukata kinyama na kukipima maabara.

Ushahidi wa pili ni jiografia. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ilifanywa Taasisi ya Saratani mwaka 1996, na kwa muda mrefu tiba ya mionzi ilimlazimu mgonjwa wa Tanga kwenda Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 350. Mionzi hutolewa kwa wiki kadhaa mfululizo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mzee kupata matibabu, lakini msamaha wa ada haulipi nauli, malazi wala chakula cha binti anayemsindikiza.

Inahitimishwa kuwa uchache wa saratani hizi hautoshi kueleza kuchelewa kwa tiba. Sababu imo pia katika swali ambalo huduma ilizoea kumuuliza mwanamke: amezaa wangapi? Bibi wa miaka 70 anastahili kuulizwa jingine: je, ameona damu?