Lilinga, jina lililohama Kalenga

Pale Nyololo, njia panda ambako barabara ya Igowole na Mgololo inaachana na ile kuu ya kwenda Mbeya, makonda huita "Iringa, Iringa!" Ila mzee wa Kihehe akiwa nyumbani kwake atakwambia anakwenda Lilinga, na yeye ndiye mwenye neno.

Kwa Kihehe lilinga ni ngome, makazi yaliyozungushiwa ukuta wa kujihami. Iliyovuma kuliko zote ni ile ya Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Agosti 1891 vijana wake waliwafyeka Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akafia hapo hapo. Ilikuwa lazima kisasi kije.

Kilikuja Oktoba 1894, kikiongozwa na gavana mwenyewe, Friedrich von Schele, akiwa na mizinga. Tarehe 30 ukuta ukavunjwa. Mkwawa akaponyoka, akapigana porini karibu miaka minne, hadi Julai 1898 alipojiua ili asikamatwe.

Yeye akiwa bado porini, jina la ngome yake lilishahama. Mwaka 1896 Tom von Prince alijenga kituo cha jeshi juu ya kilima, kama kilomita 15 kutoka Kalenga, na Wajerumani wakakiita Neu-Iringa, yaani Iringa Mpya. Kalenga ikawa Iringa ya Zamani. L ya kwanza ilidondoka, ya pili ikageuka r, na baadaye hata huo upya ukasahaulika.

Mimi huona kichekesho hapa. Waliobomoa lilinga ndio walioipa ngome yao jina hilo hilo, na kwa maana hawakukosea: kituo chao nacho kilikuwa cha kujihami, dhidi ya Wahehe haohao. Waswahili nao walizoea kuviita vituo vya namna hiyo boma, ambalo kwa asili ni neno la ukuta uleule.

Fuvu la Mkwawa, ambalo Wajerumani walilichukua, lilirejeshwa kutoka Ujerumani Juni 1954. Gavana wa Kiingereza, Edward Twining, alilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Mji wa Iringa wakati huo ulikuwa na ofisi za serikali, lakini makabidhiano yalifanyika Kalenga.