Wajibu wa Kutunzana: Stahiki za Kazini za Wenzi wa Jinsia Moja Nchini Afrika Kusini, 1998–2006

Historia ya haki za wenzi wa jinsia moja nchini Afrika Kusini aghalabu husimuliwa kuanzia mwaka 2006, sheria ilipowaruhusu kufunga ndoa. Insha hii inadai kwamba msingi wa haki hizo uliwekwa mapema zaidi, katika mashauri ya matibabu na pensheni, na kwamba msingi huo ulikuwa na masharti yake.

Kifungu cha 9 cha Katiba ya 1996 kilipiga marufuku ubaguzi unaotokana na mwelekeo wa kijinsia. Hata hivyo, kanuni nyingi za ajira ziliendelea kumtambua mume au mke wa ndoa pekee. Mwaka 1998, Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua shauri la afisa wa polisi aliyekataliwa kumsajili mwanamke mwenzake kuwa mtegemezi katika mfuko wa matibabu wa polisi. Jaji Roux aliona kuwa wawili walioishi nyumba moja kwa miaka mingi wana wajibu wa kutunzana, hata bila ndoa.

Hoja hiyo iliimarika mwaka 2002. Jaji Kathleen Satchwell alipinga sheria ya 1989 ya maslahi ya majaji, iliyowapa mafao wenzi wa ndoa tu. Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Madala, iliamuru kwamba mwenzi wa kudumu wa jinsia moja naye ahesabiwe, mradi wawili hao wawe wamejitwika wajibu wa kutunzana. Ilipobainika kwamba sheria mpya ya 2001 ilikuwa imerithi kasoro ileile, Satchwell alirudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2003.

Sharti hilo halikuwa dogo. Kwa mfanyakazi mwenye ndoa, cheti kilitosha. Asiyeruhusiwa kuoana na mwenziwe alipaswa kuyatoa maisha ya nyumbani kwake kuwa ushahidi. Kwa hiyo usawa ulipatikana, lakini kwa gharama isiyo sawa.

Sheria ya Muungano wa Kiraia ya 2006 iliondoa tofauti hiyo kwa wanaofunga ndoa. Wasiofunga, wa jinsia yoyote, walibaki na swali la zamani: je, stahiki hufuata cheti, au hufuata matunzo yenyewe? Mashauri ya 1998 na 2002 yaliegemea matunzo, na hapo ndipo ulipo umuhimu wake wa kihistoria.