Interlukini-8
Interlukini-8 (kifupi: IL-8, pia: CXCL8) ni protini ndogo ya jamii ya kemokini, yaani protini zinazoita seli za kinga ziende mahali penye jeraha au maambukizi. Ilitambuliwa mwaka 1987. Kwa binadamu jeni yake iko kwenye kromosomu ya 4; panya wa maabara hawana jeni hiyo.

Hutengenezwa na makrofaji, seli za ngozi na seli za utando wa njia ya hewa zinapokutana na bakteria au zinapoumia. Hujishika kwenye vipokezi viwili, CXCR1 na CXCR2, vilivyo juu ya nutrofili, ambazo ni aina ya seli nyeupe za damu. Nutrofili hutoka kwenye mshipa wa damu, hufuata upande ambako IL-8 ni nyingi zaidi, kisha humeza bakteria.

Wito huo usipokoma, nutrofili hurundikana na vimeng'enya vyao huharibu tishu za mwili wenyewe. IL-8 hupatikana kwa wingi katika makohozi ya wagonjwa wa sistiki fibrosisi, katika maji ya viungo vyenye baridi yabisi na katika ngozi yenye soriasisi. Dawa ya kuizuia inapaswa kupunguza madhara hayo bila kuuacha mwili wazi kwa bakteria.