Chumo, si "thamani iliyopatikana"

Katika taarifa za maendeleo ya miradi ya majengo, kati ya safu ya bajeti na safu ya matumizi, siku hizi kuna safu iitwayo "thamani iliyopatikana", yaani thamani ya kazi iliyokamilika, kwa bei za bajeti. Imetoka kwa wajumbe wa kamati ya istilahi ambao elimu yao naiheshimu, lakini hapa wamekosea, maana hawakuisikiliza lugha.

Nini hupatikana? Mtoto aliyepotea hupatikana. Maji hupatikana kisimani. Mnyambuliko huo humficha mtendaji, ilhali thamani tunayoizungumzia ina mwenyewe: fundi aliyepanga tofali hadi boma likafika kwenye lenta. Msimamizi mmoja wa ujenzi aliisoma safu hiyo akaniuliza, "Kwani ilipotelea wapi?" Sikuwa na jibu.

Mimi nasema chumo. Shina lake ni kuchuma, kutoa tunda mtini kwa mkono. Humo tumepata mchumi, uchumi, na chumo lenyewe, yaani pato la jasho. Kule Pemba mchuma karafuu hulipwa kwa pishi alizojaza, si kwa saa alizokaa juu ya mkarafuu. Kanuni ya istilahi yetu ni hiyo hiyo, na wachumaji waliijua kabla Wizara ya Ulinzi ya Marekani haijaitungia vigezo mwaka 1967.

Katika warsha ya istilahi, pendekezo langu liliitwa "neno la shambani", likawekwa kando bila mjadala. Waliolikataa hutamka "uchumi" kila siku, nalo limetoka shamba lilelile. Wengine walidai litachanganywa na chuma cha nondo. Hoja hiyo haina mashiko: chuma hiki, vyuma hivi, chumo hili, machumo haya. Ngeli imekwisha kuyatenganisha.

Matumizi ni mepesi. Nyumba ya shilingi milioni 100 ijengwe kwa miezi 10. Mwezi wa 4 ratiba ilidai kazi ya milioni 40. Zimetumika milioni 45. Iliyokamilika, kwa bei za bajeti, ni kazi ya milioni 30. Chumo ni milioni 30: gharama zimezidi kwa milioni 15, na ratiba imebaki nyuma kwa kazi ya milioni 10.

Ndugu mkadiriaji majenzi, taarifa yako ijayo iandike "chumo". Neno husimikwa na wanaolitumia.