Stempu za Mfumuko wa Bei, Ujerumani, 1923

Mwaka 1923 marki, sarafu ya Ujerumani, iliporomoka kwa kasi hata stempu mpya hazikuweza kwenda sambamba na gharama za kutuma barua. Posta ikazipiga chapa stempu zilizokuwapo, na kuzipa thamani mpya.

Ukichunguza stempu kama hiyo, tafuta kwanza thamani ya awali, kisha iliyochapwa juu yake: Tausend ni maelfu, Millionen mamilioni, Milliarden mabilioni.

Halafu kagua muhuri wa posta. Stempu nyingi zilibaki bila kutumika, hivyo zilizosafirisha barua aghalabu ni adimu zaidi, na walaghai hugonga mihuri bandia. Tarehe iliyotangulia kutolewa kwa stempu ni dalili ya udanganyifu.

Novemba 1923 ilikuja sarafu mpya, Rentenmark: moja kwa marki trilioni 1 za karatasi.