Kolera Kalemie: redio inasaidia wapi, na inashindwa wapi

Hapa Kalemie kolera si habari mpya. Ugonjwa huu uliingia upande wa mashariki ya Kongo katika miaka ya 1970, na tangu wakati ule haujaondoka kabisa pembeni ya ziwa Tanganyika. Watafiti wanahesabu Kalemie na Uvira kati ya miji ambamo kolera inajificha wakati wa utulivu, halafu inatoka tena na kufuata wavuvi, mitumbwi na barabara. Ndiyo maana mvua ikianza, redio zinapewa tangazo lile lile: nawa mikono, chemsha maji, tumia choo.

Tangazo si baya, lakini sisi tunaolisoma tunajua shida yake. Siku moja nilimaliza kusoma "chemsha maji", mama mmoja wa Katuku akapiga simu: "Papa, na makala ni nani ataniuzia?" Studio nzima tulicheka. Yeye hakucheka. Bidoni moja ya lita 20 ikichemshwa, inakula makala ya chakula cha jioni. Tangu siku ile, kila tukisema chemsha, tunasema pia wapi kuko watu wa kutia klorini kwenye bidoni, na wanafika saa ngapi.

Kuna kitu kingine redio inaweza kufanya, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa. Mwaka 2015 watafiti walichapisha kazi waliyofanya Uvira. Walilinganisha siku za bomba kukauka na hesabu ya watu wanaoingia hospitali kwa kolera. Baada ya siku moja bila maji kabisa ya bomba, wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Basi kutangaza kwamba kesho maji yatakatika ni habari ya afya sawa vile tangazo la daktari. Na kumwita mkubwa wa maji studioni aeleze yatarudi lini, hiyo pia ni kazi ya afya. Mwananchi akiambiwa anawe mikono wakati bomba limekauka wiki nzima, anaona tunamchezea.

Jambo ambalo halina mjadala ni saa za kwanza. Mgonjwa wa kolera anaharisha maji kama yale ya kuosha mchele, na anaweza kufa ndani ya masaa machache kwa kuishiwa maji mwilini. Usingoje asubuhi. Mpe SRO, ile poda ya kuchanganya na maji. Kama haiko nyumbani, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijae mlima. Anywe kidogo kidogo njiani mukimpeleka kituo cha afya. Mtoto anaenda kunyonya kama kawaida.

Uvumi ndio unatusumbua zaidi. Nchini Msumbiji, mwaka 2009, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliuawa kwa sababu wananchi waliamini wanaleta kolera, wakati wao walikuwa wanatia klorini. Kwetu Kongo tuliona ya Ebola. Mwezi wa 9 mwaka 2018 watu 961 waliulizwa Beni na Butembo: zaidi ya 25 kwa kila 100 walisema Ebola haiko. Mlipuko ule uliua watu 2 287 mpaka ulipotangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Na mwezi wa 11 mwaka 2019, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, Ituri, aliyekuwa na kipindi cha Ebola, aliuawa usiku nyumbani kwake. Sisi wa redio ndogo hatukusahau.

Kwa hiyo tunapenda kipindi cha simu kuliko tangazo. Mtu anasema wazi: ziwa ni safi, wakambo wetu walilinywa. Munganga anamjibu palepale, bila kumfokea, na jirani zake wote wanasikia. Chanjo ya kunywa ilipoletwa Kalemie na MSF, kati ya Novemba 2013 na Julai 2014, katika mitaa ya hatari pembeni ya ziwa, watu walikuwa na maswali ya namna hiyo. Na jibu lazima liwe kamili: chanjo inapunguza hatari, haiondoi kazi ya kutafuta maji safi.

Saa nayo inahesabika. Wavuvi wa ndagala wanatoka jioni na taa zao, usiku kucha wanakunywa maji ya ziwa, wanarudi asubuhi kulala. Tangazo letu la saa nne asubuhi lilikuwa linawakuta katika usingizi. Sasa tunalisoma saa kumi na moja jioni, mbele mitumbwi haijatoka.