Dira za maji zinazosomwa kwa redio: zinavyofanya kazi, na nani anayeshika koki

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, msomaji wa dira za maji hupita nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwezi, akinakili tarakimu zitakazogeuka kuwa ankara. Akikuta geti limefungwa, au shimo la dira limejaa matope, matumizi hukadiriwa, na ugomvi kati ya mteja na mamlaka ya maji huanzia hapo. Njia mojawapo ya kuondokana na hali hiyo ni dira inayotuma hesabu yake yenyewe kwa mawimbi ya redio yanayofika mbali na kutumia umeme kidogo sana.

Teknolojia hiyo ina faida zinazopimika. Hata hivyo, inahamisha madaraka pia: atakayemiliki mtandao na kuamuru koki ifungwe atakuwa na nguvu kubwa juu ya maji ya kila nyumba.

Maji yanayopotea njiani

Kiini cha mahitaji haya ni upotevu wa maji, yaani tofauti kati ya maji yanayoingizwa kwenye mabomba na yale yanayolipiwa. Sehemu yake ni mivujo, sehemu ni wizi, na sehemu ni dira chakavu au zisizosomwa. Makadirio ya wataalamu Liemberger na Wyatt, yaliyochapishwa mwaka 2019, yanasema dunia hupoteza kwa namna hiyo mita za ujazo milioni 346 kila siku, zenye thamani ya dola za Marekani bilioni 39 kwa mwaka.

Nchini Kenya, ripoti za mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, zimekuwa zikionyesha upotevu wa zaidi ya asilimia 40. Nchini Tanzania, kwa mamlaka zinazosimamiwa na EWURA, kiwango kimekuwa juu ya asilimia 30. Fedha za maji hayo ndizo ambazo zingelipia mabomba mapya katika mitaa ambayo bado inanunua maji kwa madumu.

Mnong'ono unaosikika mbali

Miongoni mwa teknolojia zinazotumika sana ni LoRa. Ilibuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, iliyonunuliwa mwaka 2012 na Semtech ya Marekani. Kanuni za mtandao unaoitumia, LoRaWAN, husimamiwa na muungano ulioundwa mwaka 2015, na mwishoni mwa mwaka 2021 zilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU.

Siri yake ni kusema polepole. Simu ya kizazi cha pili inaweza kutuma kwa nguvu ya hadi wati 2. Dira ya LoRa barani Ulaya kwa kawaida hutuma kwa miliwati 25 tu. Ili ujumbe usipotee katika kelele za hewani, wimbi hutandazwa kwa mtelezo wa masafa kutoka chini kwenda juu, na mpokeaji huutambua mtelezo huo hata pale ishara inapokuwa dhaifu kuliko kelele yenyewe. Mjini, ujumbe huweza kufika kilomita 2 hadi 5; mashambani penye uwazi, kilomita 15 au zaidi. Kituo kimoja cha kupokelea, kilichofungwa juu ya tangi la maji au jengo refu, huweza kuhudumia maelfu ya dira.

Gharama ya umbali huo ni muda. Ujumbe wa baiti 51 huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde dira ikiwa karibu na kituo, lakini hukaribia sekunde 3 dira ikiwa mbali au ikiwa imefukiwa chini ya mfuniko wa chuma. Betri hutumika kwa uwiano huo huo. Ndiyo maana ahadi ya watengenezaji, kwamba betri itadumu miaka 10 hadi 15, hutegemea mahali dira ilipofungwa na mara ngapi inatuma taarifa.

Mitandao mitatu, wamiliki tofauti

LoRaWAN hutumia masafa ya redio yasiyohitaji leseni ya kibiashara. Ulaya ni kati ya megahezi 863 na 870. Kwa hiyo mamlaka ya maji inaweza kujenga vituo vyake yenyewe, mradi ifuate masharti ya mdhibiti wa mawasiliano wa nchi yake.

Njia ya pili ni NB-IoT, iliyokamilishwa mwaka 2016, ambayo hupita kwenye minara ya kampuni za simu. Nchini Kenya, Safaricom ni miongoni mwa kampuni zinazotoa huduma hiyo kwa dira za maji. Hapo mamlaka haijengi mnara wowote, bali hulipia kila dira kwa muda wote inapotumika, na hufuata uamuzi wa kampuni ya simu kuhusu maeneo ya kufikishiwa mtandao.

Njia ya tatu, Sigfox ya Ufaransa, imeacha somo. Mtandao huo, ulioruhusu ujumbe wa baiti 12 tu na usiozidi mara 140 kwa siku, ulikuwa mali ya kampuni moja. Januari 2022 kampuni hiyo iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama kwa sababu ya madeni, na mwezi Aprili ikanunuliwa na UnaBiz ya Singapore. Mteja aliyefunga dira za kudumu miaka 15 alilazimika kujiuliza kama mtandao wenyewe ungedumu.

Kinachoonekana usiku

Faida kubwa kuliko zote haiko kwenye ankara, bali katika saa za usiku. Dira inayotuma hesabu ya kila saa huonyesha kama maji yanapita saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Mvujo wa lita 10 kwa saa, ambao sikio halisikii, hufikia lita 7,200 kwa siku 30. Mteja akiarifiwa mapema huepuka deni. Mamlaka nayo, ikilinganisha dira kuu ya mtaa na jumla ya dira za nyumba, hujua ni mtaa upi unaovuja au unaoibiwa.

Hata hivyo, redio haisahihishi dira mbovu. Panapokuwa na mgao, hewa iliyojaa bombani husukumwa maji yanaporudi na huweza kuzungusha dira, na mteja akahesabiwa upepo. Dira ya redio itaituma hesabu hiyo kwa uaminifu ule ule.

Nani anayeshika koki

Suala zito huja dira inapounganishwa na koki inayofungwa kutoka mbali, mfumo ambao Watanzania wengi huuita luku ya maji. Mjini Niamey, nchini Niger, kampuni ya CityTaps imefunga dira za aina hiyo zinazotumia LoRaWAN, na wateja hulipa kidogo kidogo kwa simu. Kwa kaya isiyo na mshahara wa mwezi, utaratibu huo unaweza kuwa nafuu kuliko ankara ya mkupuo.

Lakini katika daraja la LoRaWAN linalotunza betri zaidi, dira husikiliza kwa muda mfupi tu, sekunde moja na mbili baada ya kutuma ujumbe wake. Amri ya kufungua maji husubiri hadi dira iseme tena. Ikiwa imepangwa kutuma mara moja kwa siku na haina njia nyingine ya kupokea malipo, aliyelipa jioni anaweza kulala bila maji.

Mahakama za Afrika Kusini ziliwahi kulipima suala la ukataji wa namna hii, ingawa dira zilizohusika hazikuwa za redio. Wakazi wa Phiri, Soweto, walidai kwamba dira za malipo ya kabla ziliwakatia maji mara lita 6,000 za bure za kila mwezi zilipokwisha. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 2008, lakini mwaka 2009 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Mazibuko dhidi ya Jiji la Johannesburg, iliamua kwamba dira hizo zilikuwa halali.

Kabla ya kutia saini ya ununuzi, kwa hiyo, kuna mambo ya kuwekwa wazi kwa wananchi: nani anamiliki taarifa za matumizi ya kila saa, ambazo huonyesha pia nyumba isiyo na mtu; nani anashika funguo za usimbaji wa biti 128 zinazozilinda; nani atabadilisha betri zitakapokwisha; na ni kiasi gani cha maji ambacho koki haitaruhusiwa kukizuia kwa familia iliyoishiwa fedha.